Alama Nusu

Swali la nne: Eleza maana ya neno la Kiingereza "taboo".
Agesa wa kidato cha pili akaandika, kalamu ikivuja:
"Taboo ni tabu. Wazungu wamelivuta tu mwisho."
Nilipoisoma kwa sauti, darasa zima hapa Chavakali
likacheka hadi mabati yakaitikia.
Nikampa alama nusu, ya ujasiri.

Jioni nikafungua kamusi nene, jalada limeliwa na mchwa upande mmoja,
nikakuta neno lenyewe si la Waingereza.
Walilitoa Tonga
(Tonga, si tonge; ingawa subiri, tonge litafika),
visiwa vilivyokaa ng'ambo ya maji yote,
ambako husemwa tapu:
kilichotengwa, kitakatifu, usikiguse.
Yasemekana nahodha aliwakaribisha wakubwa wa huko chakulani.
Hawakuketi. Hawakuonja hata chembe.
Akauliza sababu, wakamjibu kwa neno hilo moja,
naye akalipakia pamoja na kamba na mapipa ya maji
hadi kwao, na kwao likashuka, likavaa viatu.
Utakatifu ulidondoka njiani.
Ukali ulifika mzima.

Sisi tuna mwiko,
na hapo ndipo chaki hunivunjikia kila mwaka.
Maana mwiko ni katazo, na mwiko ni wa kusongea ugali;
wingi wa huu wa jikoni ni miko, wa ule mwingine ni miiko,
irabu moja imesimama katikati kama bawabu.
Wajuzi wananiambia hawana undugu,
wamefanana sauti tu, kama watu wawili wa jina moja
wanaogombania barua.
Darasani nimekubali.
Jikoni bado.

Jikoni alikuwapo guku Mideva.
Guku, yaani bibi, kwa kwetu;
wageni walidhani tunamwita kuku,
na kuku ndiye hasa aliyekatazwa.
Mwanamke hali kuku. Hali yai.
Haikuandikwa popote, kwa hiyo haikufutika.
Alimkimbiza mwenyewe kwenye migomba,
akamshikia mvulana amchinje,
akamnyonyoa, akamkaangia vitunguu,
firigisi akaiweka juu kabisa ya bakuli la babu Ambaisi,
kisha akarudi kwenye moshi wake na mrenda wake.
Miaka hamsini na miwili.
Hesabu hizo majungu. Mimi nilishindwa.

Nilimuuliza mara moja tu,
nina cheti kipya cha ualimu na hasira mpya:
"Guku, hukuona tabu?"
Tabu, nilisema. Agesa, nisamehe.

Alikuwa anakwangua ukoko. Akasita.
Akauinua mwiko, mweusi wa moto, tumbo lake linang'aa kwa mafuta,
ukingo umelika upande wa kushoto peke yake,
na guku alikuwa mashoto.
"Mjukuu," akasema, "chumvi ya babu yako
ilikuwa inaonjwa na nani?
Au ulidhani naonja kwa macho?"
Akaulamba pale pale mbele yangu,
polepole, kuanzia shingoni,
kama mtu anayetia sahihi.
Halafu akacheka hadi akakohoa,
akaniambia niende nikafunge mbuzi.

Mwiko huo ninao. Siupikii.
Umening'inia juu ya meza ninakosahihishia,
na usiku mwingine, umeme ukipotea na mshumaa ukipepesuka,
kivuli chake kinakuwa kirefu kuliko mimi.
Nimekitazama, nikamfikiria nahodha na meza yake iliyojaa,
wageni wamesimama, mikono nyuma;
nikajiuliza, nyuma ya meli, gizani,
ni nani aliyekuwa anapika,
na je, alionja?
Kamusi haikumtaja.

Nikachimbua rundo, nikaitoa karatasi ya Agesa.
Nusu iliyobaki nimeiandika kwa penseli,
ndogo, pembeni,
mkuu wa idara asije akaiona.