Vidole vya Korosho

Fedha za mnada wa tatu nilizihesabu mara mbili,
mara ya kwanza kwa mdomo, ya pili kwa hofu:
laki nane na elfu arobaini.
Nikazifunga pindoni mwa kanga, nikashuka Mtwara
kwa basi la alfajiri, Newala bado imejifunika ukungu.

Sikwenda kununua bati.

Tangu wale wawili wa pikipiki waingie kibandani
wakaniuliza salio kwa panga,
mkono wangu hautoi chenji kabla jicho halijatazama mlango.
Wifi yangu Somoe alisema: Fuga mbwa.
Mbwa hula kila siku, nikamjibu,
risasi hula mara moja.
Nilidhani nimesema neno la akili.

Bwana Dachi, nyuma ya nondo za duka lake,
alitandaza kitambaa cha kijani, akaweka tatu.

Ya kwanza inang'aa kama sufuria ya bibi harusi,
tatu hamsini na saba. "Hii hairudii neno, mama."
Bei yake ilinifanya niulizie habari za mvua.

Ya pili ndogo, ishirini na mbili,
nyepesi kama kopo la mafuta ya nazi,
risasi zake karibu na bei ya maandazi.
"Ila mtu aliyeshiba uraka," akasema,
"utampiga nayo, ageuke akuulize nani kamgusa."

Ya tatu imechoka.
Mpini umezungushiwa utepe mweusi,
thelathini na nane, mtutu mfupi,
ya karani mstaafu wa benki, hati zote zipo.
Laki tano.
Mzinga wake mdogo una vyumba sita,
hauna nyuki, hauna asali,
ukiuzungusha unasema tik, tik, tik
kama cherehani ya marehemu mama ikitafuta uzi.

Nikaielekeza kwenye gunia la mchanga, tupu, nikavuta.
Dachi hakutazama bastola, alitazama mkono.
"Mkono huu umefanya kazi gani?"
Kubangua korosho, miaka kumi na tisa.
"Basi teke lake hutalisikia."

Halafu akanipigia hesabu ambayo sikuja nayo.
Risasi hamsini za kujifunzia, hizo peke yake mbuzi mzima.
Kasiki la kufungia, maana mtoto haogopi kufuli la droo.
Ada, picha, nauli ya kwenda na kurudi
na kwenda
na kurudi.
"Silaha usiyoizoea unamtunzia mwizi."
Kumbe na risasi nayo ina tumbo.

Nikachagua iliyochoka. Nikaacha arubuni,
akaifungia kabatini mwake mpaka nilete kibali.

Jumanne, polisi, Newala.
Koplo Mkwinda, kijana, masikio ya usingizi,
akanipaka wino kidole gumba, akabonyeza.
Karatasi ikatoa doa.
Akanifuta kwa spiriti, akarudia. Doa.
Cha shahada, cha kati, cha pete:
madoa matupu, hayana mstari hata mmoja,
kama korosho zilizosahauliwa kaangoni.
"Mama, alama zako ziko wapi?"

Nilitaka kumwambia.
Zimebaki kwenye maganda, mwanangu,
yale mafuta meusi yamezilamba msimu kwa msimu,
na ule weupe wa ndani ukapanda meli
ukatafunwa na watu wasiojua nina mikono.
Sikusema. Nilisema: Jaribu kile kidogo.

Akaandika: Arudi baada ya wiki tatu, asishike korosho.
Asishike korosho,
na huu ni Novemba.

Jioni nilifunga kibanda mapema.
Pikipiki ilikuja, ikapunguza mwendo pale kwenye tuta,
nikasimama na ufunguo mkononi, sipumui,
ikaenda zake.

Gunia la mwisho limekaa ukumbini, halijaguswa,
Somoe analizunguka akiguna.
Vidole nimevipaka mafuta ya nazi, nimevifunga kitambaa.
Leo ni siku ya nne.