Safu ya Saba

Fomu ina safu kumi na mbili. Ya saba
inauliza: Anavuta? Ndiyo. Hapana.
Kalamu yangu hutua hapo kama nzi.

Jumatatu, Grimsby, mvua inapiga kwa ubavu.
Shelby Oxtoby, mimba ya wiki kumi na sita,
amekuja na sare ya kiwandani; harufu ya samaki
imemtangulia mlangoni, naye anaiombea radhi
kabla hajanisalimu.

Nampa kimashine chenye mdomo wa karatasi.
Vuta pumzi, namwambia. Ishikilie.
Kumi na tano, kumi na nne…
anatazama bango la kichanga mnene ukutani…
tatu, mbili. Sasa itoe yote.
Kumi na moja. Taa nyekundu.
Tunaitazama, mimi na yeye,
kama wapangaji wawili waliovunja kikombe cha mwenye nyumba.

"Nimepunguza," asema. Zilikuwa ishirini. Sasa sita.
Na sita hizo anazijua moja moja:
ya alfajiri, kabla basi halijaja;
mbili za kazini, maana msimamizi
humpa mvutaji dakika saba za kutoka nje,
na asiyevuta hubaki kwenye mkanda
akipanga minofu hadi vidole viwe vijiti;
ya bili ya umeme;
ya simu ya Darren, ambayo hailii;
na ya mwisho, dirishani, taa imezimwa,
"nikimgeuzia mtoto mgongo,"
kana kwamba mtu aweza
kuligeuzia tumbo lake mgongo.

Ningemwambia habari za kondo, za uzito,
za mapafu madogo kama maganda ya njugu.
Anazijua. Pakiti yenyewe imemwambia, kwa picha.
"Mama alivuta miezi tisa, na mimi hapa nimekuja,"
asema, kisha kikohozi kinamkata,
tunacheka wote wawili, kicheko kibaya.

Wiki jana wakubwa walituletea grafu.
Kliniki yetu ndiyo nguzo iliyozidi zote,
ndefu, ya kijivu. Ishusheni, wakasema.
Hakuna aliyeuliza imejengwa kwa matofali gani.

Pafukapo moshi hapakosi moto,
nami sina safu ya moto.
Nina safu ya kuvuta:
na Shelby anavuta sigara, ndiyo,
anavuta na siku, anavuta na subira,
anavuta mwezi kwa ncha zake mbili
ili mshahara ufike.

Nampa viraka vya kubandika mkononi,
namba ya simu, tarehe nyingine. Anaaga.

Kupitia kioo namwona kituoni,
ameinama, viganja vimekutana mdomoni.
Anawasha, au anapasha vidole moto?
Mvua hainiambii.

Nimetia alama: Ndiyo.
Kisha pembeni, pasiporuhusiwa kuandikwa,
mahali ambapo kompyuta itapakataa,
nimeandika kwa wino wa buluu:
sita.