Kipimo

Mwaka juzi tulimpa redio.
Bado imo ndani ya boksi, juu ya kabati:
"ya wageni," anasema,
kana kwamba wageni huja kusikiliza taarifa ya habari.
Mwaka jana shati. Pini zote bado ziko kwenye kola.
Pasaka hii nikasema, buti.
Hakuna anayewatunzia wageni buti.
Ni za shambani, za tope la Uru,
tope jekundu linalokuvua kiatu ukabaki unahesabu vidole.

Godlisten akapiga simu toka Arusha: namba ngapi?
Nikanyamaza.
Miaka thelathini na minane ninamwita Baba
na sijui anavaa namba ngapi.
Yangu aliijua. Kwa fundi viatu, karibu na stendi,
alikishika kisigino changu kiganjani kama yai.

Kumuuliza ni kuiua zawadi.
Basi alfajiri, mvua ilipokata,
nikatoka na ukambaa wa mgomba
nikamfuata mtu asiyekuwepo,
nyayo zake kati ya mibuni,
toka zizini hadi kwenye mfongo.
Nikachuchumaa. Kisigino hadi dole gumba.
Nikakata kwa meno.

Ndipo nikaona.
Unyayo wa kushoto umezama, umejaa maji.
Wa kulia umegusa tu, kama mtu anayeonja uji wa moto.
Na pembeni, kila hatua ya pili,
kitundu cha duara, kirefu kuliko kidole changu.

Fimbo.

Aminieli, baba yangu, aliyetupokea juzi getini
wima kama nguzo ya simu,
aking'ang'ania kunibebea begi.
Nikavifuata vitundu. Viliishia kwenye ua wa masale,
na humo, imelazwa katikati ya majani tunayoombea msamaha,
fimbo ya mbuni, kichwa kimeng'arishwa na kiganja.
Si ya jana. Si ya mwezi jana.
Nikairudisha vilevile, upande uleule,
kama mtoto anayesawazisha sukari aliyoiba.

Jikoni Mama aliona tope magotini mwangu.
Akanitazama. Akazigeuza ndizi chunguni
ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Kiboriloni nikaupita mlima wa buti bila kugusa hata moja.
Ukambaa mfukoni unakauka, unapungua kipimo.
Fimbo zilikuwepo pia, za mpingo, zenye vichwa vya simba.
Nikamwona akiipokea: asante, mwanangu.
Nikaiona juu ya kabati, kando ya redio.

Kwa Rogati muuza miavuli nilifungua kumi na minne.
Sikukagua kitambaa.
Niliigeuza, nikaiegemea,
nikajitupa wote upande mmoja mpaka watu wakacheka.
"Dada, huo ni wa mvua,
si wa kupandia Kibo."
Mmoja mweusi, mrefu, mpini wa mti uliojikunja,
ncha ya chuma, haukulia, haukupinda.
Nikalipa alichotaja.

Sikuufunga kwa karatasi.
Nilisema tu, Baba, mvua za mwaka huu.
Akaufungua palepale sebuleni, akaufunga.
Akaweka ncha sakafuni.
Kiganja kikatua juu ya mpini,
na bega la kulia, lililopanda tangu Ijumaa Kuu,
likashuka nalo.
Nikasoma kalenda ya ushirika ukutani
kwa makini sana, mwezi hadi mwezi.

Jumatatu ya Pasaka, jua la utosini,
mlima uko wazi mpaka mikunjo yake,
anateremka kanisani, mwavuli mkononi,
tak, tak, juu ya mawe.
Ndewario anapaza sauti ng'ambo ya mfongo:
Aminieli, mvua iko wapi?
"Mlima huu," anajibu bila kusimama,
"hauna ahadi."

Jioni Godlisten akauliza, vipi,
ile namba imemkaa?
Nikamwambia imemkaa.