Zamu ya Usiku, Msalato

Filimbi ya mwisho ililia saa tatu na dakika nane.
Kombe lilikuwa bado linapita mikononi
injini ya kwanza ilipoomba ruhusa.

Nina ndege arobaini chini ya mnara huu,
zimebanana bawa kwa bawa kama mbuzi wa mnada,
nyeupe, pua zimechongoka;
moja ina viti kumi na viwili na abiria mmoja.
Kila moja nimeiandikia kikaratasi:
namba ya mkiani, uzito, mwinuko, iendako.
Pa jina la mwenyewe hapana mstari.

Wote wana haraka. Aliyeshinda ana haraka,
aliyeshindwa ana haraka zaidi.
Nawapa dakika tatu kati ya mmoja na mwingine,
upepo wa mashariki, vumbi la mashamba ya zabibu,
na sauti ile niliyofundishwa,
sauti isiyo na mke wala deni.

Kule jabalini, ng'ambo ya ua, vijana wamekaa tangu adhuhuri
na daftari, na darubini ya kuazima,
na simu inayowaonyesha kila ndege kama mshale wa njano.
Ikitokea moja ikazima ishara yake
hupiga kelele kama waliomwona mwizi akiruka ukuta.

Wangu mimi hana mshale.
Sechelela, miaka kumi na sita, beki wa kulia,
alicheza mechi ya utangulizi saa nane, juani,
watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao.
Walifungwa mbili.
Sasa yumo kwenye Koasta ya shule, wanarudi Singida,
Mughwai anaendesha,
na taa ya mbele ya kushoto ina kigugumizi.

Simu haipandi mnarani. Iko chini kwa Chilongani, mlinzi,
naye hupanda ngazi zote akihema,
ujumbe ameuandika kiganjani:
Kigwe, tumepita.
Halafu: Bahi, tumesimama, tairi.
Nikachukua kikaratasi kitupu, nikaandika
basi, viti ishirini na tisa, magharibi,
mwinuko: udongo.
Nikakipanga kati ya matajiri wawili.

Saa tano na robo mmoja wao akakata kona
kuelekea machweo yaliyokwisha zamani.
Sijui kilichonisukuma. Nikabonyeza kitufe:
una chombo kingine, saa tatu yako
(saa tatu ya rubani, ambayo kwetu ni saa tisa),
chini kabisa, kimesimama, taa moja.

Kimya.
Kisha sauti ya mtu aliyelelewa vizuri:
"Tunatafuta."

Ndivyo wanavyojibu wakiwa hawajaona.
Kabla sijauliza tena alikuwa ameshavuka anga yangu,
nikamkabidhi kwa Dar, kwaheri, usiku mwema.

Chilongani akaja tena. Kiganja kilikuwa kimejaa,
safari hii ameandika hadi kwenye kiwiko:
"Baba, kuna ndege imepita juu yetu tukifunga tairi.
Ya nani ile?"

Namba naijua. Uzito naujua hadi kilo,
mafuta iliyokunywa, mji itakaoamkia.
"Mwambie sijui," nikasema.
"Mwambie avae sweta, Manyoni kuna baridi."

Zimebaki kumi na moja.
Mmoja anauliza kwa nini anacheleweshwa,
ana mkutano asubuhi, bara jingine.
Vijana wamewasha moto mdogo jabalini,
kurasa zinakaribia kuwaishia.
Kintinku. Saranda. Manyoni, kweli baridi.
Baada ya hapo Chilongani hapandi tena,
nasikia tu viatu vyake vikizunguka kule chini.

Ubao wangu unazidi kuwa mtupu.
Kikaratasi cha basi bado kipo mahali pake,
maana sheria ya kazi hii ni moja:
hukiondoi
mpaka mtu wa upande wa pili aseme
nimempokea.