Kiwavi wa Mstari wa Tatu

Nilikuwa na bomba la dawa mgongoni,
lita kumi na tano zikicheza kila nikipiga hatua,
Sechelela aliponishika sketi: "Mama, huyu ana pembe."
Kweli anayo. Ila pembe iko mkiani,
na shingoni ana macho mawili ya uongo,
meusi, yamezungushiwa njano,
kana kwamba Mungu alianza kumchora nyuma mbele,
akaitwa, akaacha kazi.

Shamba la zabibu Hombolo halina nafasi ya mambo hayo.
Kiwavi mmoja jani moja, viwavi kumi mstari mzima,
na mnunuzi wa mjini hana jiwe la huruma kwenye mizani yake.
Nikanyoosha mpini.
"Mama, bado anakula."
Kwetu mtu hafukuzwi penye chakula.
Ni mimi niliyemfundisha hilo.

Basi akapewa ndoo ya rangi, mchanga chini,
kipande cha chandarua juu, kimekazwa kwa kamba ya katani.
Ndahani, mwenye miaka sita na mamlaka yote,
akatangaza sheria: asiguswe, asipulizwe,
majani mapya asubuhi kabla ya uji.
Akachora kwa mkaa ukutani, siku moja mstari mmoja.
Mdogo wake akapewa kazi ya kuhesabu mavi,
punje nyeusi kama pilipili manga;
alifika kumi na mbili, akarudi saba, akaendelea.

Alikula hata usiku.
Ukiweka sikio kwenye ndoo unamsikia,
kama panya mwenye adabu.
Siku ya tano alivua ngozi, akaiacha kama soksi.
Siku ya tisa kijani kikamtoka, akawa rangi ya ugoro,
akakataa majani, akazunguka ukingo
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Siku ya kumi hayupo.

"Ametoroka," alisema Ndahani.
"Amekufa," alisema Sechelela, bila chozi,
kama anayetaja siku ya wiki.
Nikachokonoa mchanga kwa kijiko:
kitu kama kokwa ya tende, kahawia, kigumu,
nilipokigusa kikatikisa kiuno.
Walicheka mpaka Mama Chiwanga akachungulia juu ya ua wa miba
kuuliza kama tuna wageni.

Kisha kungoja.
Ukaja upepo, ule wetu, wa vumbi jekundu kwenye meno.
Ndahani akapata tairi la baiskeli;
mistari ya mkaa ikakoma kwenye kumi na saba.
Sechelela alibaki. Kila asubuhi anainamia ndoo:
"Hodi."
Anasubiri.
"Hajaitika."

Zamu yetu ya maji ilikuwa saa nane usiku.
Natafuta mabuti kwa mwanga wa simu, nikamwona,
ananing'inia kwenye chandarua, amelowa,
mabawa yamekunjamana kama barua iliyofuliwa mfukoni.
Ningewaamsha. Nilifika mpaka mlangoni.
Walikuwa wamelala, mguu wa huyu shingoni mwa yule,
na maji hayamngoji mtu.
Sikuwaamsha. Nakiri hapa.
Hata majini sikwenda, nilichelewa:
nilikaa juu ya debe, peke yangu,
nikatazama bawa likijinyoosha kidogo kidogo,
mchirizi wa fedha ukitokea pale palipokuwa na makunyanzi,
mpaka akaanza kutetemeka mwili mzima
kama pampu inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi.
Nikafungua kamba.
Akaruka kuelekea mstari wa tatu. Angekwenda wapi tena?

Kulipokucha niliwaonyesha ganda, jepesi, limepasuka mgongoni.
Ndahani alisema naongopa.
Sechelela akalichukua, akalitazama kwenye jua,
akachungulia ndani kwa jicho moja, akauliza:
"Aliondoka amekula?"

Wiki hii majani ya mstari wa tatu yana matundu.
Bomba limejaa, liko mgongoni.
Nimeanzia mstari wa nne.