Pengo la Ukuta

Siku ya kwanza Dokta Kulwijila alinipa chekeche
na kiroba cha mchanga kutoka mdomo wa Simiyu.
"Usitafute dhahabu," akasema, alipoona macho yangu.
"Tafuta chembe iliyokataa kufa."

Nikachekecha uani kwetu Bugarika,
nikaosha kwenye karai la bluu
huku kunguru wakinisimanga juu ya bati.
Mchanga mwepesi ukaenda zake na maji,
mzito ukabaki chini, kama deni.
Na humo, ndogo kuliko mbegu ya mchicha:
zirkoni.

Ndani ya zirkoni mna urani,
na urani huzeeka taratibu ikawa risasi.
Haijali masika, haijali serikali.
Hesabu risasi, hesabu urani iliyosalia,
majibu yakarudi kutoka maabara:
miaka bilioni mbili na nusu na ushei,
umri wa majabali haya haya ya Mwanza
tunayoanikia dagaa na sare za shule.

Nikapiga kigelegele. Mto wetu, bilioni mbili!
Dokta akacheka hadi akavua miwani.
"Ukimkuta mtoto kavaa kanzu ya babu yake,
utampa shikamoo?"

Kumbe umri ule ni wa jiwe.
Mto ni mchukuzi,
na mzigo hausemi mchukuzi kazaliwa lini.
Unasema tu alikopitia.

Sasa umri wenyewe unasomwa wapi?
Akachora mavumbini kwa gunzi la hindi.
Kuna mito duniani, akasema, inayokata mlima katikati
na pembeni ilikuwepo njia ya kuuzunguka.
Mlima ndio uliokuja baadaye.
Uliinuka, chini ya unene wa ukucha kwa mwaka,
na mto ukakata, ukucha kwa ukucha,
haukuhama.
Jua umri wa mlima, utajua mto ni mkubwa kwake.

Kisha akafuta nusu ya mchoro kwa kisigino.
"Au mlima ulikuwa umezikwa.
Mto ukapita juu ya udongo laini,
ukashuka nao hadi ukagota mgongoni, ukaendelea kukata.
Pengo ni lile lile, mkubwa ni mwingine.
Ndiyo maana tunagombana mikutanoni,
ndiyo maana tunaandika *pengine*."

Hata Kagera, akasema, iliwahi kwenda magharibi.
Ardhi ya huko ikainuka,
nayo ikageuka katikati ya safari
kama mtu aliyesahau funguo.
Ziwa hili likakusanyika baadaye, juzi tu,
kwa kalenda ya mawe.

Wiki hiyo nikampeleka mama kukata bima ya afya.
Nyamizi binti Lugembe, hana cheti.
Alizaliwa mwaka wa viwavijeshi, anasema,
na viwavi wenyewe hawakuacha tarehe.
Karani akagonga kalamu. Foleni ikaguna.

Nikakumbuka ukuta wa mawe wa jirani Ng'hwani.
Aliujenga mwaka sabini na nne,
na ungefika jabalini bila kukatika
kama si lile pengo, upana wa mtu na ndoo,
ambamo mama hupita kwenda ziwani.
Nikamwambia karani, kifua mbele:
andika kabla ya ukuta!
Ukuta ulimkuta anapita.

Mama akanivuta kanga.
"Wewe, usinizeeshe.
Mimi nimeolewa pale, nikaukuta ukuta na pengo lake.
Lile ni la mama mkwe. Na yeye alisema
alikuta njia."

Karani hakusubiri tubishane.
Akaandika tarehe moja Januari
kama alivyowaandikia wote waliotutangulia,
mwaka akaukadiria kwa kumtazama usoni.

Usiku nikalitoa lile kaditasi.
Kando ya mwaka, kwa penseli,
herufi ndogo ambazo hospitali haitazisoma,
nikaongeza neno la Dokta.
Mama alikuwa ameshachukua ndoo.
Nikamsikia akipita pale, bega likikwaruza jiwe,
mahali ambapo jiwe, nilipoligusa asubuhi,
lilikuwa laini.