Hewa Ndani ya Mpira

Injini imelala baridi tangu jana jioni.
Hilo nalijua, hukuwa na haja ya kugonga kioo:
mfuniko wa rejeta haufunguliwi ukiwa moto,
nawe una kovu shingoni, kumbukumbu ya siku uliyosahau.

Ni Oktoba hapa Kemijärvi. Ziwa limeanza kuganda ukingoni,
utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa.
Wiki mbili bado, tatu tukibahatika,
kisha zitakuja zile nyuzi thelathini chini ya sifuri
zinazopasua chuma kama mtu apasuavyo njugu.

Nimeinua pua ya Volvo, nimekaza breki ya mkono,
nimetandika gazeti, juu ya gazeti beseni,
lile la buluu tulilomwogeshea Ilari.
Nalala chali. Changarawe yanichoma mgongo.
Wewe uko dirishani jikoni na sweta lako la kijivu,
mikono umeitia mifukoni
kama mtu anayeficha kitu cha wizi.
Mikono iliyofungua na kufunga injini miaka thelathini na minne
leo haifikishi kijiko cha supu mdomoni
bila kumwaga nusu.

Tumepatana: ukigonga mara moja ni hapana,
mara mbili, endelea.

Nakizungusha kizibo cha plastiki kule chini,
taratibu, maana ni kikongwe, kikikatika tumekwisha.
Tone.
Tone.
Kisha mchirizi, kisha yote kwa pamoja, mpaka kwenye mkono wa koti.
Nilidhani yatakuwa ya kijani. Ni ya kahawia,
rangi ya chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu,
na harufu yake tamu, utamu wa kuhadaa:
paka wa Hilkka alilamba kidimbwi cha namna hii,
siku ya pili tukamzika nyuma ya sauna.
«Tuisku! Ndani!» Mbwa anakwenda, akinung'unika.

Ngo.

Nini tena? Natazama beseni. Natazama jeki.

Ngo.

Nawe huchoki. Ndipo naikumbuka hita:
swichi iko kwenye buluu, na maji ya zamani
yamejibanza humo ndani kama mgeni
asiyetaka kuamini kwamba karamu imekwisha.
Naisukuma hadi kwenye nyekundu.
Ngo, ngo.

Nasuuza kwa maji yaliyokenekwa, mara mbili, mara tatu,
hadi yatoke meupe. Nafunga kizibo.
Nachanganya nusu kwa nusu ndani ya ndoo,
namimina kwa faneli, nahesabu kwa sauti kama mtoto wa shule.
Zilitoka lita tisa.
Zimeingia sita na ushei, faneli ikajaa, ikagoma.
Nawasha gari. Sindano ya joto inapanda,
hita inanipulizia baridi usoni, kama dharau.
Naminya mpira wa juu, naminya, navuta pumzi, namtukana
aliyeubuni. Hakuna.

Mlango. Umetoka na ndara, juu ya umande ulioganda!
Husemi neno. Unautoa mkono wa kulia,
ule mbaya zaidi, unauweka juu ya mpira.
Huuminyi. Unauacha tu
ufanye ufanyalo usiku na mchana.

Gulu.
Povu moja kubwa ndani ya faneli. Kisha jingine.
Kisha msururu mzima wa vipovu vidogo, na maji yanashuka,
namimina, yanashuka, namimina,
na mkono wako unatetemeka, unatetemeka, haujakosea hata mara moja.

«Hewa,» unasema, «haipendi kubembelezwa.»

Hita imeanza kutoa joto lenye harufu ya vumbi.
Jumanne nitayapeleka maji machafu kituo cha taka.
Kwenye dumu nimeandika SUMU, na tarehe.
Ukaniomba kalamu.
Chini yake ukaongeza, herufi zikienda upogo
kama nyayo za kunguru kwenye theluji:
lita tisa, zote.